Washona kwilti za ukutani, umewahi kuchoka na mshono wako mwenyewe? Mi nimerudi kwenye sindano ya mkono, njooni tujadili

Mama Viraka

Wakuu habari za jioni, mnisamehe uzi ni mrefu, nimeuandika kwenye foleni ya Mbagala kwa hiyo muda ulikuwepo.

Mi nashona kwilti za ukutani, mwaka wa tisa huu. Kwa ambaye hajui, kwilti ndo ile bibi zetu wanaita mfarishi, kitambaa juu kitambaa chini katikati kitu laini, vinashonwa mpaka vinashikana. Ila mi sishoni za kulalia, nashona za kutundika, yani picha ya vitambaa. Nimeshona daladala, nimeshona mibuyu, nimeshona wamama wa feri na masufuria yao ya samaki. Vitenge, kanga kuukuu, kaniki, mabaki ya mafundi, chochote kinachoshoneka. Zinauzika, sio kivile lakini ada ya mtoto imewahi kutoka humo.

Sasa mwaka jana kuna mteja alitaka picha za kazi zote, nikatandaza kumi sebuleni. Mdogo wangu akapita na chai yake akasimama akaniuliza, dada hizi si zote moja tu? Nikamjia juu, moja kivipi we huoni hii daladala huu mbuyu. Akasema picha tofauti ndio, ila mkono ni ule ule na umechoka. Akaondoka na chai yake.

Sikulala vizuri kwakweli. Usiku nikawasha tochi ya simu nikazipitia moja moja na mtoto wa watu alikuwa sahihi. Kila kiraka zigizaga pembeni, kila kazi mistari ya cherehani iliyonyooka juu yake, imeachana vidole viwili, kutoka kushoto kwenda kulia kama daftari la shule. Miaka tisa! Na kila nilipojisikia nimekwama dawa yangu ilikuwa ni kwenda Kariakoo Mtaa wa Uhuru kununua vitenge vipya, narudi na furaha ya siku mbili, siku ya tatu zigizaga ile ile juu ya kitenge kipya.

Nikajiwekea marufuku. Miezi sita hakuna kununua kitambaa, kinachobadilika ni mshono tu. Nikachana shuka jeupe la mtumba vipande vya sentimita 20 kwa 20, kila wiki mshono mmoja, kipande kinatobolewa mpaka mkono uache kufikiri. Cherehani nikaifunika na kanga kama maiti.

Nilianza na kantha ya Bengali, huko Bangladesh na India mashariki. Wale wanachukua sari zilizochakaa wanazipanga tabaka tabaka bila kujaza kitu katikati, halafu wanapiga bandi ndogo ndogo sana toka mwanzo mpaka mwisho, na zamani hata uzi wenyewe walikuwa wanauchomoa kwenye pindo za sari hizo hizo. Bandi jamani! Ile ile ya kushikizia nguo kabla ya kupiga cherehani, ile tunaishona tukijua itafumuliwa, wenzetu ndo imekuwa kazi yenyewe. Na ukipiga bandi nyingi karibu karibu kitambaa kinaanza kujikunja vimawimbi kama maji ya Kigamboni asubuhi, mwanzoni nilidhani nimeharibu nikawa napiga pasi, kumbe hayo mawimbi ndo urembo wenyewe. Kanga kuukuu inakubali sana hii kitu maana ni pamba nyepesi na imeshalainika kwa kufuliwa. Kanga mpya yenye wanga wake usijaribu, sindano inalia.

Ya pili nikajaribu sashiko ya Japani, yani bandi za kuchora maumbo kwenye kitambaa, na hapo ndo nimekwama, kazi inajikunja kwenye kona kama chapati iliyoungua. Ya tatu kawandi, hiyo nitaielezea nikifika home, simu inazima.

Swali langu: nani mwingine amewahi kurudi darasani hivi akiwa tayari ni fundi, na ulijifunza mshono gani?

Fundi wa Tandika

Dada mi nakuheshimu lakini niseme ukweli, mkono haulipi. Muda unaopiga hizo bandi zako mi nimetoa kanzu tatu na darizi yake shingoni. Mteja wa Dar haangalii mshono, anaangalia rangi halafu anauliza mwisho shilingi ngapi.

Halafu unailaumu cherehani bure. Cherehani inachora chochote we ndo unaiendesha kama treni. Toa ule mguu unaokandamiza kitambaa, shusha meno, yale ya chini yanayosukuma kitambaa, kama cherehani yako ni ile ya kukanyaga ya zamani meno hayashuki basi kata kipande cha kadi ngumu, toboa tundu la sindano, kibandike juu ya meno kwa selotepu. Bana kazi kwenye fremu ya duara, kwilti ni nene kwa hiyo tumia fremu pana na usikaze sana. Hapo kitambaa kinakwenda unapotaka wewe, mbele, nyuma, mzunguko, hata jina lako unaandika. Sisi darizi ndo tunapigaga hivyo. Siri ni moja, mguu wako uende kasi na mikono iende taratibu, wengi wanafanya kinyume wanakata uzi na kuvunja sindano. Na hata ukiwa umetoa ule mguu, wenzo wake ushushe usisahau, la sivyo uzi utakutengenezea kiota cha ndege kwa chini.

Mama Viraka

Kaka Tandika asante, la kadi na selotepu sikulijua na nina cherehani ya kukanyaga ya marehemu mama. Nitalijaribu marufuku ikiisha. Ila kuhusu mteja haangalii mshono sikubaliani na wewe, anauangalia bila kujua anauangalia. Mdogo wangu hajui hata kutia uzi kwenye sindano na aliona.

Sasa kawandi. Hii ndo imenishika roho. Kuna watu India wanaitwa Wasiddi, ni weusi kama mimi na wewe, asili ya wengi wao ni huku kwetu upande wa mashariki na kusini mwa Afrika, walivukishwa bahari karne na karne, wengine watumwa wengine mabaharia na askari. Walioko jimbo la Karnataka wengi inasemekana wazee wao walikimbia au walitoka Goa enzi za Wareno. Wanawake wa huko wanashona mfarishi wao wanauita kawandi, kwa nguo kuukuu, kwa mkono mtupu.

Na wanashona kinyume na sisi wote. Sisi tunaunga viraka kwanza, vikishakuwa kitambaa kimoja ndo tunaweka na tabaka la chini tunashona tena. Wao hapana. Wanatandika kitambaa cha chini, wanaanza pembeni kabisa kwenye kona, wanaweka kiraka, wanakunja ukingo kwa ndani, wanapiga bandi, kiraka kingine kinaingia, wanazunguka ukingoni mzunguko baada ya mzunguko mpaka wanafika katikati. Yani kuunga na kushona kwilti vinafanyika mara moja kwa bandi zile zile, na hakuna kuchora kabla. Mi nimezoea kuchora kwenye karatasi kila kitu mpaka tairi la daladala, siku ya kwanza mikono ilikuwa inatetemeka. Mzunguko wa tatu ndo nikaelewa, huwezi kujua katikati patakuwaje mpaka ufike, na ukikosea kiraka huwezi kurudi, unatafuta kiraka kinachofuata cha kusamehe kile.

Wakimaliza wanaweka kwenye kona nne viraka vidogo vilivyokunjwa pembetatu, tabaka juu ya tabaka, wanaita phula, maana yake maua. Bila hayo kwilti kwao ni kama iko uchi. Nikikumbuka bibi yangu alikuwa hawezi kumpa mtu kitu bila kukifunga fundo la khanga pembeni, basi tu nacheka peke yangu.

binti_upanga

Dada Viraka hapo kwenye kawandi umeniacha hoi, nimesoma mara mbili.

Sashiko nakusaidia maana nimepiga miaka minne sasa. Kosa lako nalijua bila kuona picha, unavuta uzi sana. Tatizo ni kwamba umezoea kushona kwa kuchoma na kuvuta, kuchoma na kuvuta. Sashiko sindano inakaa imetulia, kitambaa ndo kinapandishwa na kushushwa mpaka sindano inajaa mikunjo kama mshikaki, ndo unavuta mara moja. Ukishavuta weka kazi mezani, pitisha kidole gumba juu ya mstari wote kuanzia nyuma kuja mbele uunyooshe. Usiruke hatua hii hata siku moja. Na ukifika kona ya kugeuka, upande wa nyuma acha uzi kidogo uwe mlegevu, kitanzi kidogo tu, kitambaa kikitaka kutanuka kipate pa kupumulia. Ndo maana kona zako zinajikunja, umezinyima pumzi.

Alafu mshono wa mbele uwe mrefu kuliko nafasi kati ya mshono na mshono, fikiria punje ya mchele halafu nafasi nusu yake na zaidi kidogo. Ukichora nyota, mistari ikikutana katikati yake acha pengo dogo, isipandane, ikipandana panatokea kifundo kibaya. Kule Japani wakulima na wavuvi wa kaskazini walishona hivi kuongezea nguo nguvu na joto, uzi mweupe wa pamba juu ya kitambaa cha rangi ya nili, kwa hiyo mshono ulikuwa wa kazi kwanza uzuri ukaja nyuma yake. Kaniki yetu ndo mahali pake kabisa.

Uzi wa sashiko wenyewe hapa Dar sijauona dukani. Mi natumia huu wa kudarizi, kichane kimoja kina nyuzi sita, nyuzi zote sita zinapita kama una sindano ya jicho kubwa, ila mkono mwepesi tumia nne.

Mwenda Pole

Mi sishoni, mke wangu ndo anashona, ila napenda historia na niliposoma huu uzi nikamkumbuka mama mmoja anaitwa Harriet Powers. Alizaliwa utumwani jimbo la Georgia Marekani mwaka 1837. Kwilti zake zinazojulikana kubaki ni mbili tu, zote za hadithi za Biblia, moja iko makumbusho ya Smithsonian kule Washington nyingine iko jumba la makumbusho la Boston. Watu na wanyama wamekatwa kwa kitambaa na kubandikwa kwa kushonwa, na wataalamu wengi wameona zinafanana na vitambaa vya ufalme wa Dahomey, Benin ya leo. Ile ya Smithsonian aliiuza dola tano kwa sababu ya shida, baada ya kuwa ameshakataa kuiuza mara ya kwanza.

Na wale wanawake wa Gee's Bend kule Alabama, kwilti za suruali za kazi zilizochakaa magoti, mwaka 2002 zikatundikwa kwenye makumbusho makubwa, 2006 serikali yao ikazichapa kwenye stempu za posta. Kwa hiyo fundi wa Tandika anaposema mkono haulipi, haumlipi anayeshona ndo tatizo, anakuja kulipwa mwingine.

Fundi wa Tandika

Dola tano. Mkuu umeniharibia mchana.

Shangazi Sindano

Nawasoma tu wanangu. Mmekwenda Bengali, mmekwenda Japani, mmefika Alabama, hongereni kwa safari. Sasa niwaulize, kofia ya viua iko wapi kwenye huo msafara wenu?

Baba zenu wameivaa Ijumaa zote mlizowahi kuziona. Kitambaa cheupe, kinatobolewa tundu moja moja, kila tundu linazungushiwa uzi mpaka liwe gumu kama jicho, matundu mamia kwa mamia yanapangwa yanakuwa ua, yanakuwa nyota, yanakuwa majani. Kofia moja nzuri inachukua miezi. Unguja na Lamu wanashona mpaka leo na hapa Dar washonaji tunao, tena wengine wanaume. Hujawahi kuona kitu cheupe juu ya cheupe kikasomeka kwa mwanga tu? Mama Viraka tundika hiyo kwenye ukuta wenye dirisha nyuma yake halafu uje uniambie habari za nyota ya Mjapani.

Sisemi kwa ubaya. Nimesema tu.

Mama Viraka

Shangazi shikamoo. Umenichapa na nimechapika. Jirani yangu nyumba ya tatu ni mzee anashona kofia barazani kila siku saa kumi, nimempita miaka kumi na moja nikimpa shikamoo tu. Kesho naenda.

binti_upanga

Hahaha Shangazi amefunga mjadala. Dada ukienda utupe mrejesho usipotee kama wale wa “nitarudi”.

Mama Viraka

Nimerudi wakuu, imepita miezi miwili na nusu, mnisamehe.

Kwanza ajali. Nilimsikiliza binti Upanga nikapiga sashiko kwenye kaniki na safari hii kona zikatulia, kidole gumba kinafanya kazi kweli. Nikafurahi nikaifua kazi nzima kutoa alama za chaki, kaniki nilikuwa sijaifua kabla. Ilichuja. Uzi mweupe wa wiki tatu ukawa rangi ya mawingu ya masika. Nililia halafu nikaiacha hivyo hivyo, ni bahari usiku sasa. Ila nyie fueni kaniki kwanza, tena mara mbili tatu, kisha sugueni kwa kitambaa cheupe chenye maji muone kama bado inatoa rangi.

Sasa mzee. Nilifika barazani na vipande vyangu vya shuka nikamwambia mzee naomba unifundishe tundu. Akaniangalia, akaniuliza una haraka? Nikasema hapana. Akasema watu wote wasio na haraka huwa wananiambia nitarudi kesho, akanipa kigoda.

Tundu lenyewe ukiliangalia ni rahisi, unatoboa na msharasi, kile chuma chembamba chenye ncha cha mafundi viatu, hukati, hapo ndo nilikuwa nakosea peke yangu home nilikuwa nakata kwa mkasi. Msharasi unazisukuma nyuzi za kitambaa pembeni bila kuzikata kwa hiyo zinabaki ni nguvu ya ukingo. Halafu unazungusha uzi, unachoma nje ya tundu unatokea ndani, karibu karibu, na kila baada ya michomo michache unarudisha msharasi unazungusha kidogo tundu likae duara. Mvuto uwe ule ule. Ukivuta zaidi upande mmoja tundu linakuwa yai. Wiki ya kwanza nilishona mayai tu. Wiki ya pili mzee akawa anapitisha kidole bila hata kuangalia, anasema hili, hili, hili hapana. Vidole vyangu vilikuwa vinatoka damu mpaka akanipa kastabini yake ya chuma iliyotoboka.

Kikwazo kwangu kilikuwa unene. Kofia ni kitambaa tu, kwilti ina kitu katikati, ukitoboa pamba ya kujazia inachungulia tunduni kama nywele puani. Nikajaribu blanketi jembamba, bado. Mwisho nikakumbuka kantha, haijazwi kitu. Nikachukua tabaka mbili za shuka jeupe na kanga moja nyeupe iliyokwisha rangi katikati yake, zote laini zote nyembamba, nikashikiza kwa bandi, ndo nikatoboa. Ikakubali.

Kazi yenyewe ni wale wamama wa feri tena, nimewashona mara ngapi huko nyuma sijui. Safari hii hawana rangi. Nimeanzia pembeni kwa mtindo wa kawandi, viraka vyeupe na vya malai vya shuka tofauti tofauti, nikazunguka kuja ndani, katikati ndo wamama watatu kwa matundu tupu, mia nne na kitu, niliacha kuhesabu umeme ulipokatika. Bandi za kantha ni maji. Hakuna zigizaga hata moja. Kona nne nimeweka maua ya kanga nyekundu, ndo rangi pekee.

Nimeitundika dirishani sebuleni. Saa kumi na moja jua likipita nyuma yake wamama wanashuka ukutani upande wa pili kwa nukta za mwanga, wanasogea taratibu mpaka wanafika kwenye friji. Mdogo wangu alikaa kwenye kochi na chai yake ikapoa, hakusema kitu, na mi sikumuuliza.

Mzee nilimletea aione. Akavaa miwani, akapitisha kidole matundu yote, nakwambia yote, ilichukua kama nusu saa. Akasema hili la pembeni kwa huyu mama wa kushoto ndo tundu. Hayo mengine ni madirisha.

Fundi wa Tandika

😂😂 madirisha

Dada mi nataka kuja kuiona hiyo kitu. Na kuhusu ile kadi na selotepu bado ipo palepale, siku ukichoka.

Shangazi Sindano

Moja kwa mara ya kwanza ni nyingi. Mimi ilichukua kofia mbili.

KijanaWaKigamboni

Samahani nimechelewa, huo msharasi unauzwa wapi? Nimeuliza maduka matatu ya vifaa vya cherehani Kariakoo wananiangalia tu

Mama Viraka

Mdogo wangu usiulize duka la cherehani, uliza fundi viatu. Aliyekaa chini ya mwavuli na gundi yake, mwambie unataka ule mwembamba kabisa usio na ndoano, wenye ndoano utakuchania kitambaa.